Jarida Lisilo na Jumamosi

Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato na pia mwenye duka, na kazi hizo mbili alizitenganisha kwa ukuta wa matofali wenye mlango mmoja mdogo wa nyuma. Marehemu hawezi kunijibu, najua, na wapo ndugu watakaosema sikupaswa kuandika haya. Na waseme. Nimewaandikia hesabu zao miaka mingi bila hata asante, kwa hiyo leo naandika za kwangu.

Duka lilikuwa Migori, katika mstari wa maduka ya mabati kando ya barabara iendayo Isebania. Alilinunua kwa Mhindi miaka michache baada ya uhuru, wakati serikali ilipokuwa ikisema biashara za miji midogo ziwe mikononi mwa wananchi. Mhindi aliondoka na vitabu vyake, akamwachia mizani, rafu, pipa la mafuta ya taa na ushauri mmoja: bwana wa kodi atakuja, kwa hiyo andika kila kitu, kila siku. Baba mkwe aliamini kwamba Mhindi alisema hivyo kwa wivu.

Mimi nilikuwa nimeolewa pale kutoka Sindo, ndiyo maana mji mzima uliniita Nyar Sindo, binti wa Sindo, kama ilivyo desturi ya kumwita mke kwa jina la kwao. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la serikali kule Homa Bay, akija nyumbani mwisho wa mwezi na sabuni ya zawadi, kana kwamba duka la baba yake halikuwa na sabuni. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane. Katika nyumba ile elimu hiyo ilitajwa mara mbili tu: siku ya kuhesabu ng'ombe wa mahari yangu, na siku barua ilipokuja kuwaita wenye maduka wote Homa Bay wakafundishwe kutunza vitabu vya hesabu kwa ajili ya kodi ya mapato.

Baba mkwe aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja.

"Mimi nikae kwa benchi nifundishwe hesabu na kijana?" alimwambia mama mkwe, kwa sauti ya kunifikia jikoni. "Wacha Nyar Sindo aende. Bwana yake iko huko, chakula haitatugharimu kitu."

Basi nikaenda, mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliovaa makoti kwenye joto la ziwani. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwenye tai ambaye, kwa jinsi alivyozungumza, alikuwa hajawahi kuuza hata njugu. Alitufundisha jarida, yaani kile kitabu kikubwa ambamo kila shughuli ya biashara huandikwa siku ile ile inapotokea. Upande mmoja ni debiti, yule aliyepokea; upande wa pili krediti, yule aliyetoa; na chini yake maelezo mafupi ya kilichofanyika, ili hata mgeni akifungua ukurasa aelewe. Niliipenda kazi ile mara moja, na sioni haya kusema hivyo. Nilipenda kwamba kitu hakiwezi kutoka mahali bila kuonekana kimefika mahali pengine.

Wenzangu hawakuipenda. Mwenye duka mmoja, mtu mnene wa upande wa Ndhiwa, aliinua mkono akauliza: kaka yangu akiingia, akachukua mche wa sabuni, akasema tutaonana, hiyo naandika upande gani? Mwalimu akajibu kwamba kaka ni mdaiwa, aandikwe debiti. Darasa zima lilicheka hadi mwalimu akafuta ubao bila sababu. Kaka kuwa mdaiwa! Siku nikifa nani atakuja kunizika? walisema. Mwalimu akafikiri, akaona hatatoka salama, akasema basi iandikwe matumizi ya nyumbani. Nadhani siku ile nusu ya mali ya wilaya yetu ya South Nyanza iliingia katika matumizi ya nyumbani.

Nilirudi Migori na kitabu chenye jalada gumu na moyo uliojaa. Kwa heshima ya ukwe sikukaa meza moja na baba mkwe. Yeye alisimama karibu na mizani akisema mauzo huku akitazama barabarani, nami niliandika nikiwa pembeni, juu ya kreti ya soda. Jumatatu, Jumanne, mpaka Ijumaa, kazi ilikwenda vizuri. Ijumaa jua likielekea kuzama alifunga mbao za madirisha, akavaa shati jeupe, akanitazama kwa mara ya kwanza juma lile.

"Sasa funga buku," akasema. "Mpaka Jumapili."

Lazima mjue kwamba Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya soko. Watu walishuka toka Kegonga na wimbi na ndizi, wengine walipanda kutoka ziwani na samaki wakavu, na wote walitaka sukari, chumvi, kiberiti na mafuta ya taa. Duka limefungwa mbele. Nyuma, kwa heshima na utaratibu, foleni.

Hapo ndipo nilipofundishwa theolojia ya baba mkwe, ambayo sijaisikia kwenye mahubiri yoyote. Sabato inakataza kuuza, sivyo? Kuuza ni nini? Ni kupokea pesa kwa mkono na kuandika kwa kalamu. Sasa kama hukupokea kwa mkono wala hukuandika, hujauza, umemsaidia jirani. Kwa hiyo Jumamosi mshirika wa kanisa alichukua sukari yake akaenda zake, akalipa Jumapili. Asiye mshirika alitumbukiza pesa mwenyewe katika debe lililowekwa sakafuni, nami nikitazama pembeni kwa uchaji. Mimi ndiye niliyepima, maana mzee alikuwa kanisani akiongoza somo.

Lakini sasa kulikuwa na jarida, na jarida linataka kujua. Kuandika hakuruhusiwi, na kichwa changu hakikuweza kubeba soko zima mpaka Jumapili. Baba mkwe akapata dawa: nafaka. Punje ya mahindi ni ratili ya sukari, haragwe ni chupa ya mafuta ya taa, njugu ni mche wa sabuni. Kila mshirika aliwekewa kopo lake ukutani. Kutumbukiza punje kwenye kopo si kuandika, alisema, hata mtoto anaweza. Jumapili asubuhi nilimwaga makopo mezani na kugeuza nafaka kuwa Kiswahili safi cha uhasibu: debiti fulani, krediti mauzo, tarehe ya Jumapili.

Juma moja kuku wa jirani aliingia, akapindua makopo, akala mahindi yote. Yaani alikula sukari ya kwaya nzima. Jumapili washirika walikuja kulipa, na ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuchukua sukari. Wote walikumbuka sabuni, kwa sababu njugu kuku alikuwa amezibakiza na zilionekana pale mezani. Baba mkwe alisema tuandike hasara. Nikamuuliza, kupitia mama mkwe, maelezo yake yaseme nini. Akajibu yaseme wanyama wa mwituni.

Bwana wa kodi alikuja kweli. Alitoka ofisi ya Kisumu kwa gari dogo la bluu, kijana wa Pwani, mpole, anayesema Kiswahili cha kukufanya uone haya kufungua mdomo. Aliomba kiti, akaomba jarida, akasoma asubuhi nzima bila kunywa hata chai tuliyompa. Baba mkwe alizunguka akipangusa vitu visivyo na vumbi.

"Kitabu kimeandikwa vizuri sana," alisema mwishowe, na mimi, mjinga, nikatabasamu. "Ila mzee wangu, nimekikagua mwaka mzima. Humu hamna Jumamosi."

"Sisi ni Sabato," baba mkwe akasema, kifua mbele. "Jumamosi hii duka iko funga. Uliza mtu yeyote."

"Nimeuliza. Jumamosi ni siku ya soko. Haya, nakubali mlifunga. Sasa nieleze Jumapili. Jumapili Wakatoliki wako misani, soko hakuna, barabara tupu. Na humu Jumapili mnauza kuliko siku tatu za juma zikichanganywa. Kama Jumapili kavu inauza hivi, Jumamosi ya soko inauzaje? Mnayo. Mmeificha."

Baba mkwe angeweza kusema ukweli kwa sentensi moja: mauzo ya Jumapili ndiyo ya Jumamosi, hatukuficha senti. Kodi isingeongezeka hata kidogo. Lakini sentensi hiyo ingemaanisha kwamba mzee wa kanisa anauza siku ya Sabato, na palikuwa na watu wamesimama mlangoni wakisikiliza. Akarudia kupangusa mizani. Nilimwona jasho likimshuka shingoni hadi kwenye kola.

Yule kijana akaeleza sheria kwa upole ule ule. Vitabu visipoaminika, ofisi hukadiria yenyewe. Akakadiria Jumamosi za mwaka mzima, Jumamosi nono ambazo hata Mhindi hakupata kuziota, akaandika kodi yake kwenye karatasi. Kiasi kile kilikuwa duka lenyewe, na rafu zake, na mizani. Kisha, kwa kuwa alikuwa na utu, akasema atapita tena mwisho wa mwezi. Tukiwa na maelezo ya maandishi ya nani aliuza, siku gani, pamoja na wanunuzi wa kuthibitisha, atayapokea na kufuta makadirio.

Baba mkwe akawaendea washirika mmoja mmoja. Sikuenda naye, lakini alirudi kila jioni na kumsimulia mama mkwe, nami nilisikia yote. Mwalimu wa kwaya alisema yeye alituma mtoto, hajui mtoto alinunua wapi. Mweka hazina wa kanisa alisema sukari aliinywa, hakatai, lakini kununua hakununua. Shemasi mmoja alisema atamwombea. Watu wote wale walikuwa na makopo kwenye ukuta wetu, na hakuna aliyekuwa tayari kuweka sahihi kwamba alilijua kopo lake.

Aliyekubali alikuwa mama mmoja Mkuria wa Kegonga, muuza wimbi, anayefuata dini ya babu zake na asiye na habari na Sabato ya mtu. Alibonyeza kidole gumba kwenye wino kabla sijamaliza kumsomea.

"Mimi nilinunua Jumamosi," alisema. "Sasa nyinyi mlitaka ninunue lini, na soko ni Jumamosi?"

Mnunuzi tukampata. Ikabaki kumpata muuzaji. Jioni moja baba mkwe alikuja akasimama nje ya jiko langu, maana baba mkwe haingii jikoni kwa mkwewe, akasema na mama mkwe aliyekuwa ameketi ndani pamoja nami.

"Min otwa," alimwita, mama wa nyumba yetu. "Mwambie Nyar Sindo, hii maneno iko rahisi. Yeye ndiye alikuwa anapima. Mimi nilikuwa kanisa. Aandike tu hivyo. Aliuza yeye, mimi sikujua. Karatasi inaenda Kisumu, inakaa huko kwa faili. Hapa nani atasoma?"

Mama mkwe hakuniambia kitu, kwani nilikuwa nimesikia. Aliendelea kuchambua mboga. Nilitaka kutoka nimwulize, ana kwa ana, adabu na iende zake: nani aliyevumbua punje? Nani alinipanga pale nyuma na mizani? Nikauma ulimi. Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi nilimweleza nikidhani atakasirika kwa niaba yangu. Alipiga miayo akasema, ni karatasi tu, na duka likifungwa tutakula nini. Basi nikaandika. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa Homa Bay kwamba nilikuwa nikiuza Jumamosi kwa hiari yangu bila mwenye duka kujua, na mauzo hayo nikayaweka tarehe ya Jumapili. Bwana wa kodi alisoma, akanitazama kwa muda, akamtazama mzee, akachana makadirio yake. Sidhani aliamini neno hata moja. Hesabu zilikubaliana, na hilo ndilo lililomleta.

Karatasi ikaenda Kisumu, ndiyo. Lakini wale waliosikiliza mlangoni walikuwa wameanza kunong'ona, na baba mkwe akaona heri awahi kabla ya kuwahiwa. Sabato iliyofuata alisimama mbele ya kanisa, akatoa leso, akasema kwa uchungu kwamba jambo la aibu limeonekana nyumbani kwake, na kwamba yeye hatamficha mtu hata akiwa mkwe wake. Alilia kweli. Nilimtazama nikaona machozi halisi, na mpaka leo sielewi alikuwa akimlilia nani.

Wakapiga kura ya kuniondoa katika ushirika. Mwalimu wa kwaya aliinua mkono. Mweka hazina aliinua. Shemasi wa maombi aliinua na kufumba macho. Wote nilikuwa nimewapimia sukari juma lililotangulia na kuwaongezea kidogo, kama jirani. Mama mkwe hakuinua, maana mikono yake yote miwili ilikuwa ikifunga kitambaa kichwani, na alikifunga mpaka kura ikaisha.

Kwa mtu wa nje hilo linaweza kuonekana jambo dogo. Mimi nilizaliwa ndani ya kanisa hilo. Mama yangu Sindo alipopata habari alikaa siku kadhaa bila kusema na mtu. Siku ya Meza ya Bwana, sisi Wasabato huoshana miguu kwanza, wanawake chumba chao na wanaume chumba chao. Nilikaa nje kwenye nyasi, nikisikia maji yakimiminwa kwenye mabeseni na wanawake wakicheka kwa sababu maji ni baridi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sina mtoto bado, mume yuko mbali, na wale ndio waliokuwa watu wangu wote.

Jumamosi ya kwanza baada ya kura nilikaa nyumbani. Mlango ukagongwa. Alikuwa mwalimu wa kwaya, uso umekunjuka.

"Nyar Sindo, leo hakuna shida tena," alisema. "Wewe si mshirika. Unaweza kuuza kabisa."

Na pesa alikuwa nazo mkononi. Baba mkwe mwenyewe, aliporudi kutoka ibadani, alinituma kupitia kwa mama mkwe nifungue na mbao za mbele, maana duka linaloendeshwa na mtu wa dunia halina haja ya kujificha. Punje zikaenda kwa kuku kihalali. Jumamosi zikaingia katika jarida, kwa tarehe zake, na mwaka uliofuata yule kijana wa Kisumu akasema hajaona vitabu safi vile tangu aanze kazi. Baba mkwe akamjibu kwamba tunamshukuru Mungu.

Mwaka ulipopita niliomba kubatizwa upya. Baraza likasema ombi langu linaombewa. Mwaka wa pili pia liliombewa. Mwaka wa tatu tuliletewa mchungaji mpya, kijana mwenye miwani, asiyejua mambo yetu. Akaniita mbele ya baraza, akaniuliza kama natubu. Nikasema natubu, nimechoka kukaa kwenye nyasi. Akawageukia wazee akawauliza kuna kizuizi gani.

Baba mkwe akainuka. Aliongea kwa huzuni, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa.

"Mchungaji, huyu tunampenda. Lakini bado anafungua duka siku ya Sabato. Hajaacha."

"Duka la nani?" mchungaji akauliza.

Mweka hazina alitazama dirishani. Baba mkwe aliketi polepole, akaweka kofia yake gotini, akaanza kuipangusa. Mimi nilikuwa nimekaa miaka mitatu nikimngoja mtu aulize swali hilo. Nikasema, kwa mdomo wangu, nikimtazama mkwe wangu macho kwa macho kwa mara ya kwanza tangu niolewe, "La huyu aliyesema sasa hivi."

Mchungaji alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Aliwatazama wazee wote, nao wote walikuwa wakimtazama yeye, mgeni ambaye hata nyumba yake walikuwa hawajamaliza kuiezeka. Akakohoa, akasema jambo hili ni zito, linahitaji hekima, tuendelee kuliombea.

Jumamosi iliyofuata, ibada ilipoisha, mke wa mchungaji alikuja dukani na kitambaa cheupe kichwani, akanisalimu vizuri sana, akaomba sukari. Nilimpimia ratili kamili, nikapokea pesa yake, nikaandika tarehe, na nikalia nikiwa nimempa mgongo ili asinione.